Mbuzi Hakuwepo

Mpendwa mshauri wetu Bi Salima, naomba msaada wako, na naomba uisome barua hii mpaka mwisho kabla hujacheka, kwa sababu wenzangu wa kijiweni wakiijua habari hii watanicheka mpaka nihame Kibiti. Mimi ni dereva wa bodaboda, nina miaka ishirini na tisa, nina mke mmoja, Rukaya, na tangu mwezi uliopita nina mtoto wa kike mwenye afya tele, alhamdulillahi, na mimi mwenyewe ni mzima baada ya ajali ambayo wengine hawaamki, kwa hiyo usidhani nakuandikia kwa huzuni, furaha ninayo, ila ina mwiba ndani, na mwiba wenyewe nilijichoma, ule usioambiwa pole.

Mtoto wangu sijamuona. Namuona kwenye simu tu, akipiga miayo. Ijumaa ya wiki ijayo anatimiza arobaini, shughuli iko Mahege nyumbani kwa mama mkwe wangu, Bi Mwanahalima, na mimi baba wa mtoto sijui nitaingia kwa mlango gani.

Nieleze ilivyokuwa. Mimi nimelelewa na babu, Mmatumbi wa zamani, aliyenifundisha kwamba mkwe hatazamwi usoni, hapewi mkono, na wala hutafuni kitu mbele yake, nami nilishika mafunzo hayo kama sala, miaka miwili ya ndoa nikienda Mahege nilikuwa nakula nyuma ya nyumba na kuku, na mama akitaka kuja mjini nilikuwa namtuma rafiki yangu Twalha akamchukue, kwa sababu nitampakiaje mkwe nyuma yangu, magoti yake yaniguse mbavu? Basi Rukaya alikuwa ameshakwenda kwao kusubiri kujifungua, maana ni mimba ya kwanza, na zikiwa zimebaki kama wiki mbili mama akaja Kibiti kununua vitu vya uzazi, na siku hiyo mvua ya masika ilikuwa imenyesha tangu alfajiri ikakatika adhuhuri, Twalha amepeleka abiria Ikwiriri, madereva wengine wanamwambia, "Bibi, njia ya Mahege leo ni sabuni tupu, hatuendi," na yeye amesimama pale kijiweni na mizigo yake, na kila mtu anajua yule ni mkwe wa nani. Ningefanyaje? Nikasema huku natazama tairi, "Mama, twende." Kofia ngumu nilikuwa nayo moja, nikaiweka chini aiokote mwenyewe, maana kumkabidhi mkononi niliona si adabu.

Sasa kosa langu liko hapa, Bi Salima, na hili sijamwambia mtu. Mama alikuwa na kiroba cha mchele wa Maparoni, kilo ishirini na tano, na mahali pa kiroba ni kwenye keria, unakifunga kwa mipira, hata dereva wa wiki moja analijua hilo. Mimi nikakisimamisha juu ya siti, katikati yetu, kiwe ukuta. Mama akasogea nyuma mpaka akawa amekalia keria yeye badala ya mchele, akakumbatia kiroba badala ya kunishika mimi, na tangu tunaondoka nilihisi usukani mwepesi mkononi, uzito wote uko nyuma, nikajua kabisa kwamba hapa si salama, nikanyamaza.

Tulipofika kwenye ule mteremko wa udongo wa mfinyanzi kabla ya kijito nilitaka kusema, "Mama, shuka hapa utembee kidogo," au niseme, "Mama, nishike kiunoni," maneno ambayo abiria wangu nawaambia mara kumi kwa siku, lakini unamwambiaje mkwe akushike kiuno? Hayakutoka. Gurudumu la mbele likakosa pa kushika, pikipiki ikakaa upande upande, ikalala nasi ndani yake, mama akarukia kwenye majani ya pembeni na mchele ukampasukia juu, mimi nikabaki chini ya chuma, kifundo cha mguu kimevunjika na ekzosi inanichoma shavu la mguu, na nilisikia kabisa nyama yangu inaungua, nikasema moyoni hapa mwanangu ameshakuwa yatima hajazaliwa.

Mama akaita, "Mwanangu, upo?" Nikasema nipo. Akaja, mchele umejaa kwenye ushungi, akaiinua pikipiki peke yake, mama wa miaka hamsini na kitu, sijui nguvu alizitoa wapi. Akainama anishike nami nikasema, bila hata kufikiri, "Hapana mama, usinishike, nitatambaa."

Akasema, "Utatambaa mpaka lini, we mwana? Hebu leta mikono."

Akachukua khanga mpya aliyoinunua asubuhi ya kumbebea mjukuu, bado ina karatasi ya dukani, akanifunga mgongoni mwake, akanipandisha ule mteremko wote kwenye utelezi, miguu yangu inaburuzika, mimi nalia, sijui nalia maumivu au haya, mpaka tukapata pawatila, lile trekta dogo la mkono, ya mtu anatoka shamba ikatupeleka hospitali ya misheni Mchukwi. Kule nikafungwa hogo la plasta mpaka gotini, wakanihudumia vizuri sana, na kwa siku mbili mama alininywesha uji kwa kijiko, macho kwa macho, mimi ambaye hajawahi kuniona nikitafuna karanga.

Siku ya pili akaja shemeji yangu Haidari, kaka yake Rukaya, akauliza ilikuwaje. Bi Salima, mimi nimeendesha miaka sita. Niseme nimepakia mzigo kama mtoto anayecheza? Nikasema, "Mbuzi alikatiza." Mama amekaa pembeni ya kitanda anamenya chungwa. Akanitazama, kisha akaendelea kumenya.

Kumbe mtu unaweza kumzaa mbuzi akakua kuliko wewe. Haidari alipofika Mahege akatangaza, na karibu na mteremko ule anayefuga mbuzi ni mmoja tu, Mzee Abdulswamadu, mtu wa watu, hana ugomvi na yeyote, na tangu siku hiyo amewafunga kamba mbuzi wake wote, anakata majani mwenyewe anawapelekea, na amekwenda kwa mama mkwe kuomba radhi mara mbili, na sasa amesema atatoa beberu wake mkubwa achinjwe kwenye akika ya mwanangu ili moyo wake utulie. Mama, nasikia, alimshukuru tu akamkaribisha chai.

Mimi nilipotoka hospitali nikakimbilia Kibiti, kila nikiitwa nasema mguu, mguu, lakini hogo limetolewa wiki iliyopita na juzi nimeanza kupanda pikipiki taratibu, na jana Twalha kaniletea salamu kutoka kwa mama: "Mwambie Jumatano nakuja mjini kununua vitu vya arobaini. Kurudi sipandi ya mtu mwingine, nitapanda ya mkwe wangu." Tangu jana sijalala. Anataka kunisema njiani? Anataka nikaumbuke mbele ya Mzee Abdulswamadu? Je, nimtume Twalha kama zamani, halafu Ijumaa nijifanye mguu umerudia? Na yule beberu achinjwe kwa kosa ambalo hakulitenda? Nataka kumpakata mwanangu, Bi Salima, mikono inaniwasha. Jina langu tafadhali usilitoe.

Mkwe mwenye haya, Kibiti.

BI SALIMA ANAJIBU

Mkwe mwenye haya, pole kwa mguu, na hongera ya binti. Nilijitahidi nisicheke, nikafika kwenye khanga yenye karatasi ya dukani nikashindwa. Nimecheka, kisha nikafuta machozi, na machozi yenyewe hayakuwa ya kicheko yote.

Sasa nikuseme kidogo. Adabu ya babu yako siibezi. Nina wakwe watatu, mmoja wao akinisalimia anatazama dari, nami nampenda hivyo hivyo na dari yake. Lakini babu yako alikufundisha kumheshimu mkwe akiwa amekaa kwenye mkeka. Hakukufundisha kumpakia, kwa sababu babu yako hakuwa na pikipiki. Ukishawasha injini, yule aliyeko nyuma ni abiria, roho yake iko mikononi mwako, na heshima yake ya kwanza ni kufika mzima. Ulijua usukani umekuwa mwepesi ukanyamaza! Ulitaka kumzika mkwe wako kwa adabu?

Hilo la kiroba naweza kulisamehe, maana lilitoka kwenye moyo mzuri. La mbuzi silisamehe. Mzee wa watu anakata majani kila siku, wanyama wake wako kifungoni, amekwenda kuomba radhi mara mbili kwa kosa la mchele, nawe uko mjini unatazama miayo ya mtoto kwenye simu. Hapana, mwanangu. Umekosea vibaya.

Na mama yako, maana huyo sasa ni mama yako, umemsoma vibaya pia. Unadhani amenyamaza ili aje akuumbue. Mtu anayetaka kuumbua mwenzake hangojei wiki saba, tena akiwa na mdomo na majirani. Alinyamaza pale kitandani kwa sababu ulikuwa umelala na mguu umevunjika mbele ya shemeji yako, akakusitiri. Ameendelea kukusitiri mpaka kwenye chai ya Mzee Abdulswamadu. Sasa amechoka kuubeba uongo wako. Alikubeba wewe mzima mpaka juu ya mteremko, huo mzigo wa pili si haki yake.

Mwenyewe amekuita. Amekuchagulia siku, na amekuchagulia mahali ambapo hutalazimika kumtazama usoni, kwa sababu anajua huwezi: mgongoni mwako, njiani, nyinyi wawili tu. Huyo mama ana akili kuliko mimi ninayelipwa kushauri.

Basi fanya hivi. Azima kofia ngumu ya pili, na zote mbili zivaliwe, umkabidhi yake mkononi. Mzigo uende kwenye keria, ufunge kwa mipira mpaka usitikisike. Akishapanda mwambie, "Mama, nishike." Likikukwama kooni, usiwashe pikipiki mpaka litoke. Mkifika kwenye mteremko, kukiwa na utelezi, mwambie ashuke, nawe ushuke uikokote, mtembee. Hapo ndipo useme. Usimweleze kwamba mbuzi hakuwepo, hilo alilijua kabla yako. Sema, "Mama, nisamehe, na asante." Maneno hayo mawili hujawahi kumwambia, nimeisoma barua yako mara mbili kuyatafuta.

Usiende kumuona mtoto kwanza. Najua mikono inawasha, iache iwashe nusu saa zaidi. Pitia kwa Mzee Abdulswamadu, peke yako, usimtume mama wala Haidari. Mwambie ukweli wote, kiroba na mteremko, kisha umsaidie kuwafungua mbuzi kamba, mmoja mmoja, kwa mkono wako. Beberu wake mrudishie. Akika ni wajibu wa baba, tafuta mbuzi wako. Kama mzee bado atataka kumtoa, amtoe kwa furaha akijua hana deni. Rukaya mwambie jioni hiyo hiyo, atakasirika mpaka chakula kiive. Na chakula hicho ule ndani, mwanangu, mbele ya mama. Ameshakunywesha uji, unaficha nini tena?

Neno la mwisho. Uliomba jina lako nisilitoe, sikulitoa, na majina ya wenzako nimeyabadili yote. Lakini mbuzi nimeshindwa kumbadili, na Mahege nzima inamjua. Leo ndiyo Jumatano yenyewe. Gazeti hili linafika Kibiti asubuhi. Mahege linafika jioni, limefungiwa maandazi, na watu wa kule husoma hata karatasi ya andazi. Hapo katikati una mchana mmoja. Mama ameshafika kijiweni. Nenda.