Pikipiki Ishuke, Mayai Yasivunjike

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Leo nimeipanda pikipiki yangu mara ya kwanza tangu nivunjike paja. Uani tu, injini imezimwa. Mguu wa kulia ulikanyaga vizuri. Wa kushoto — ncha ya kidole gumba. Mguu huo umepona ukiwa mfupi. Pikipiki ikaanza kulalia upande ule ule nilioangukia mwezi wa tatu. Nikashika ukuta.

Emojong, mume wangu, aliniona kutoka jikoni. Alikuja, akanishusha kama mtoto, akaisukuma pikipiki ndani.

Adeke, mfugaji wa kuku ninayemchukulia mayai kule Sop Sop, amepiga simu. Miezi hii yote mayai yake yananifikia Busia kwa mtu wa boda, nusu yamepasuka. Anasema kuku hawangoji mgonjwa apone.

Jumanne, 5 Agosti

Nimemwambia Emojong wazi: pikipiki siiuzi, nataka ishushwe kimo. Ng'ambo ya mpaka kuna fundi, Kevo, anayewashushia watu wafupi pikipiki zao.

Alikuwa anamenya muhogo. Akaendelea kumenya.

"Mimi naliogesha wewe," akasema. "Nalibeba wewe mpaka choo. Sitaki kubeba tena. Kaa hapa kwa kiti, uza mayai."

Ni kweli alinibeba, na hakulalamika hata siku moja. Ndiyo maana neno lake lina uzito.

Lakini kukaa kwa kiti — hapana.

Alhamisi, 7 Agosti

Kwa Kevo. Jirani yangu Provia aliendesha, mimi nyuma, tukavuka.

Kevo aliweka nyuma shokapu fupi, zile za springi, na kupunguza sponji ya kiti. Nikakaa. Nyayo zote mbili chini!

Kisha nikaijaribu barabarani. Usukani mwepesi, kama gurudumu la mbele haligusi lami. Kwenye kona nageuza, yenyewe inataka kwenda moja kwa moja. Nikarudi, nikaegesha — ikaanguka yenyewe. Stendi ya pembeni sasa ni ndefu mno, inaisimamisha wima. Kioo kimevunjika.

Kevo akajikuna kichwa. "Mama Daphine, tumeshusha nyuma pekee. Mbele iko juu bado, ndio maana inazubaa. Niachie, uje Saturday."

Nyumbani Emojong aliuliza pikipiki iko wapi. Nikamweleza yote, hata kioo. Aliutazama mguu wangu, akaenda kufungua mashine yake ya kusagia watu unga.

Jumamosi, 9 Agosti

Kevo amelegeza vibano vinavyoshika nguzo mbili za gurudumu la mbele, akazivuta zipande kupitia humo, mbele ikashuka kiasi kile kile alichoshusha nyuma. Stendi ameikata na kuichomelea upya.

Nikazunguka hadi kwenye foleni ya malori na kurudi. Sasa inatii. Natazama ninakotaka kwenda, nayo inafuata. Nimeirudisha nyumbani mwenyewe, Provia nyuma anaimba.

Kevo ameonya: chini kumekaribia. "Ukitaka ibebe mzigo, tukaze springi. Lakini tukikaza, inapanda. Huwezi pata zote."

Jumapili, 10 Agosti

Kanisani. Emojong alikwenda kwa miguu. Mimi juu ya pikipiki, polepole, kando yake. Tulifika pamoja.

Jumanne, 12 Agosti

Jaribio la mayai. Trei chache nyuma, hadi Buhehe, barabara ya vumbi. Shimo la kwanza — nyuma ikagonga chini. Niliisikia kwenye meno. Nilipofungua kamba, trei ya chini ilikuwa ute mtupu.

Tumekaanga tulichoweza kuokoa. Emojong alikula, akauliza, "Pikipiki naligonga mbele ama nyuma?"

Nyuma, nikasema.

"Na mguu?"

Mguu haukugonga popote.

Akapangusa sahani na kipande cha chapati, akauliza springi zina ngazi ngapi za kukaza. Sikujua. Akatoka na tochi kuangalia.

Alhamisi, 14 Agosti

Naandika kando ya barabara ya Tororo, tukiwa njiani kwenda kwa Adeke.

Asubuhi Emojong hakufungua mashine. Alitia spana zake mfukoni. "Mimi nakaa nyuma," akasema. "Kama inalala, inalala na sisi wawili." Nikawasha.

Ni mzito kuliko trei zote nilizowahi kubeba. Kona ya kwanza alinibana kiuno mpaka pumzi ikawa shida. Ya pili akalegeza. Halafu tuta — gurudumu la nyuma likasugua madigadi, lile bati linalolifunika. Akanigonga bega nisimame. Nikasimama, miguu yote chini, yeye mgongoni kwangu. Pikipiki haikutikisika. Aliona.

Sasa amepiga magoti kwenye nyasi, anakaza springi. Ya kulia imekubali. Ya kushoto ni ngumu, anaitukana kwa Kiteso. Kila akikaza ananiita nikae. Mara ya kwanza nyayo zilifika. Mara ya pili kisigino cha kushoto kiliinuka, kama upana wa kidole. Nilikikandamiza asikione. Amekiona. Amelegeza kidogo.

Mtu wa boda alisimama kuuliza kama tunahitaji msaada.

"Hapana," Emojong akamjibu. "Natafuta kimo ya bibi yangu."

Adeke amepiga: mayai yako tayari, mko wapi? Nimesema tuko njiani. Emojong amedakia bila kuinua kichwa: "Ambia yeye angoje."

Akilegeza sana, gurudumu litasugua. Akikaza sana, nitaning'inia. Amejaribu katikati. Ananiita tena. Amelaza shavu kwenye nyasi, macho pale kisigino changu kitakapokanyaga, na mkono mmoja ameshika chuma cha nyuma ya kiti ili isi—

Naenda kukaa.