Meza ya Bwana Pellow

Wexcombe, Devon
Oktoba 1636

Mpendwa dada Dorcas,

Nakusalimu kwa upendo, nikitumaini kwamba mguu wako umepona na shemeji hajambo. Sisi tu wazima wa mwili, na watoto wote watano wanakula kama wavunaji. Akili yangu ndiyo haina nafuu.

Mume wangu, uliyemsifu siku ya harusi kwamba ni kasisi mpole, amegombana na askofu kwa sababu ya meza. Imekuja amri kwamba meza ya ushirika isogezwe hadi ukuta wa mashariki na kuzungushiwa uzio. Wenzake wote wamesogeza. Yeye anasema meza ya Bwana si ng'ombe hata ifungiwe zizini. Nikamwambia, Bwana Pellow, isogeze tu, Mungu ataiona hata huko ukutani. Akanijibu kwamba nafikiria tumbo. Ndiyo, nafikiria matumbo, tena saba, na nyumba tunayolala ni ya kanisa. Seremala Jago alipokuja kupima, alirudishwa mlangoni. Akaniambia, mama, mumeo mtu mwema, ila kichwa chake kigumu kuliko mwaloni wangu.

Ingeishia hapo ningevumilia. Lakini tangu Krismasi alikuwa akiandika kitabu cha kumpinga askofu, kurasa mia nne, na humo amemwita kipofu. Mwenzake wa parokia ya jirani alisema machache kuliko hayo akafukuzwa, mkewe akiwa na kichanga cha siku tisa. Mwezi Juni akanikabidhi furushi nimpe mchukuzi wa mizigo alipeleke kwa mpiga chapa London.

Dada, sikumpa. Nililitia kwenye tanuri la mkate likateketea, nikamwambia limeondoka.

Alingoja majibu hadi Agosti, akaamua kwamba limepotea njiani. Akalia. Hakulia hivyo hata tulipomzika Grace wetu. Nikajua nimefanya jambo baya, lakini nikanyamaza, kwa kuwa nilidhani yamekwisha.

Hayakwisha. Alianza upya mwezi huohuo, na kwa kuwa macho yake yamechoka, yeye alikuwa akisema nami nikiandika. Juzi alinishika mkono akasema kwamba katika Wexcombe nzima ni mimi peke yangu niliyesimama naye. Nikamwambia ukweli wote. Akauliza tumeishia ukurasa wa ngapi.

Na kinachoniudhi zaidi, Dorcas, ni kwamba nilipoyaandika maneno yake moja moja, niliona yuko sahihi. Askofu ni kipofu kweli.

Tumemaliza jana. Alhamisi nitampa mchukuzi furushi kwa mkono wangu. Kwa hiyo nijibu upesi: kile chumba kilicho juu ya zizi lenu kinaweza kulaza watu saba?

Nisalimie shemeji, na umweleze taratibu, akiwa ameshiba.

Mdogo wako akupendaye,
Thomasin Pellow