Kifurushi Nilichokikataa Verona

Hodge Hill, Birmingham
Wiki ya mwisho kabla ya Krismasi

Kaka yangu Silvesta,

Habari za siku nyingi? Habari za Matombo, za mikarafuu, na za huo mguu wako? Wifi aliniambia umeanza tena kuvimba na wewe bado unapanda mlimani kila asubuhi, ukiambiwa upumzike unajifanya hujasikia. Pumzika, Kaka. Karafuu hazina miguu ya kukimbilia. Na Mama je, anakula vizuri? Bado anatuma watoto dukani kisha anasahau alichowatuma?

Mimi ni mzima wa mwili. Kazi ya kuwatunza wazee inaendelea, baridi nayo haina adabu kama kawaida yake. Ila kichwa changu hakijakaa sawa tangu nirudi kutoka Italia, ndiyo maana unaona barua badala ya simu. Simu yako inasikilizwa na nyumba nzima, na wifi yangu, nampenda sana, lakini hawezi kuficha jambo hata kwa muda wa kusonga ugali. Barua hii nitampa binti wa jirani yangu Mtanzania, anasafiri Jumamosi kwenda Morogoro. Isome ukiwa peke yako, halafu uirudie.

Unajua Neema wangu yuko Verona, huko Italia, tangu Septemba, anafundisha watoto wadogo Kiingereza. Yule niliyemleta huku akiwa na miaka minne sasa ana ishirini na minne. Kiswahili anakielewa chote, lakini akijibu anachanganya na Kiingereza, nami nimeshazoea. Mwezi uliopita akanipigia: "Mum, come, uone masoko ya Krismasi!" Sikumwelewa. Masoko ya Krismasi hata Birmingham yapo. Kila mwaka mjini kati wanajenga vibanda vya mbao, wanauza soseji ndefu kuliko mkate wake. Nilipita pale mara moja, nikarudi na maumivu ya magoti. Nikapande ndege kwenda kuangalia vibanda vingine? Lakini mtoto akikuita unakwenda. Nikaomba ruhusa kazini siku nne, nikaenda.

Kaka, ule mji ni wa zamani kweli. Njia zake zimetandikwa marumaru yenye rangi ya waridi, yale ambayo kwetu wanajengea makaburi ya matajiri, na watu wanayakanyaga kwa viatu bila wasiwasi. Kuna uwanja wa mawe uliojengwa na Warumi, na ndani yake imetoka nyota ya chuma kubwa kuliko kanisa letu la parokia. Mkia wake bado uko ndani, yenyewe imeruka ukuta na kutua nje katikati ya watu. Nilimuuliza Neema imeanguka au imewekwa. Akacheka. Na kote ni nyimbo za Krismasi, watu wanakula na kushangilia, wakati kwa hesabu yangu tulikuwa bado kwenye Majilio, siku za kungoja, na padre bado amevaa zambarau. Nikabaki sijui nishangilie nami au ningoje.

Katikati ya vibanda nikasikia harufu ya karafuu na mdalasini. Ilikuwa harufu ya uani kwetu wakati wa kuanika. Nikafuata pua mpaka kwenye sufuria kubwa, mama mmoja anachota kitu chekundu kinachotoa moshi. Nikajua ni chai ya rangi yenye viungo. Nikachukua kikombe kikubwa, nikakigida kama ninavyogida chai nikitoka baridini. Neema alikuwa anaangalia mishumaa. Alipogeuka nilikuwa nimeshafika chini. "Mum! That's wine!" Mvinyo wa moto, Kaka. Kwa hiyo ujue kwamba yaliyofuata niliyafanya nikiwa na kikombe kizima cha mvinyo tumboni, ingawa sidhani kama ndiyo sababu.

Tukaenda kwenye soko la pili, pale karibu na ile nyota, ambapo vibanda vingi ni vya peremende na biskuti. Neema akaniambia kuna watu anataka niwaone. Sauti yake ilibadilika, ikawa ya mtoto aliyevunja kitu. Kwenye kibanda kimoja alikuwepo kijana mrefu, fundi wa baiskeli, anaitwa Mateo. Nilishasikia jina lake kwenye simu, mara Mateo kasema hivi, mara Mateo kanipeleka pale, nikadhani ni mwalimu mwenzake. Mwenye kibanda ni mama yake. Yule mama alipotuona alivua aproni, akajifuta mikono, akatoka mbele. Nyuma yake akatoka mzee mwenye kofia. Neema akanong'ona, "That's his uncle. Mjomba."

Nikasema moyoni, mjomba? Mjomba anafanya nini hapa?

Mzee akavua kofia, akakohoa kidogo. Mama Mateo akaninyooshea kifurushi kwa mikono miwili. Kimefungwa kwenye kitambaa cheupe kilichotariziwa pembeni, na juu yake kuna bahasha. Kijana amesimama nyuma, ameinamisha kichwa kama mtu asiyehusika.

Kaka, wewe umeshapokea barua ngapi za namna hiyo? Kitambaa cheupe, bahasha juu, mzee wa kusindikiza, kijana anaangalia viatu vyake. Ungekuwa wewe ungefikiri nini?

Nilirudi hatua moja, nikaficha mikono nyuma ya mgongo. Unajua kwetu, kwa kuwa ukoo unafuata upande wa mama, mama wa binti hashiki barua ya posa. Akiishika imepokelewa, na wa kuipokea ni mjomba. Nikawaambia kwa Kiingereza, polepole na kwa heshima zote, kwamba nawashukuru sana lakini siwezi kuchukua, hili ni la kaka yangu aliye Tanzania.

"Mum, unafanya nini? Just take it!"

"Sichukui. Mimi sina mamlaka."

"Ni zawadi tu! It's a present!"

"Najua ni nini," nikamwambia. Nami sikujua chochote.

Mama Mateo aliendelea kutabasamu kwa muda, huku mikono bado ameinyoosha, akimwangalia Neema amtafsirie. Neema hakutafsiri. Mikono ikashuka taratibu. Mzee akarudisha kofia kichwani. Tukaondoka, na mimi, nisikufiche, nilikuwa natembea nimenyoosha shingo. Nilijiona nimesimamia ukoo mzima katikati ya Wazungu.

Tulipofika chumbani kwake Neema alikaa kitandani na koti lake, akalia. Ndipo nilipoelezwa. Huko Verona watoto hawaletewi zawadi siku ya Krismasi, wanaletewa na Mtakatifu Lusia, siku kumi na mbili kabla yake, na watu wazima nao wanapeana biskuti na kadi ya salamu. Kifurushi kilikuwa cha biskuti. Bahasha ilikuwa na kadi ya kunikaribisha mjini kwao. Mzee alikuwepo kwa sababu kila mwaka anamsaidia dada yake kufunga peremende. Nikauliza, na kitambaa?

"Kitambaa ni cha kufutia vyombo, Mum!"

Halafu nikauliza swali lililokuwa linanichoma: "Kwa hiyo hakuna posa?"

Neema akaacha kulia, akaniangalia. Akasema kuanzia Januari yeye na Mateo watapanga nyumba pamoja. Harudi Birmingham. Nikamuuliza kama wanaoana. "Not now. Labda baadaye. Sijui, Mum." Alikuwa ameniita anieleze hilo, ila alitaka kwanza niwaone wale watu na niwapende. "And you refused them mbele ya kila mtu," akasema. "You refused me."

Sasa nisaidie, Kaka. Nilikataa posa ambayo haikuwepo. Kisha nikaambiwa binti anaondoka bila posa yoyote. Nilipaswa kukasirika kwa lipi? Kwamba wamemposa au kwamba hawakumposa? Nilikaa pale nimeshikilia mkoba wangu kama mtu anayesubiri basi.

Asubuhi yake Neema alipokwenda kazini nilirudi sokoni peke yangu. Nilipotea mara mbili, ile nyota ndiyo iliyoniokoa. Mama Mateo aliponiona alisimama kama amemwona afisa wa kodi. Bahati nzuri yule mzee anajua Kiingereza. Ujanani alifyatua matofali Uingereza, na bado anakisema kwa lafudhi ya huku, nusura nicheke. Nikamwomba atafsiri. Nikawaeleza habari za kitambaa, za barua, za mjomba, na kwa nini nilificha mikono. Mama Mateo alisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka mpaka akajishika kifua, akanishika na mimi. Nikaona yamekwisha.

Ningeishia hapo! Lakini nilipoona wamefurahi nikaongeza, nikasema, maadamu watoto wetu wanahamia pamoja Januari, ni vizuri sisi wakubwa tumeelewana. Mzee hakutafsiri. Akaniuliza, "Wanahamia wapi?"

Hawakuambiwa, Kaka. Mimi ndiye niliyewaambia.

Mzee alipomtafsiria dada yake, yule mama alikaa juu ya kreti la peremende. Nami nikakaa juu ya jingine. Tukakaa wanawake wawili tusio na lugha moja, wateja wanasubiri, hakuna anayewahudumia. Kisha akasema maneno mengi kwa sauti ya chini. Mzee akayafupisha: "Anauliza, kwenu mambo haya yanafanywaje?"

Nikamweleza. Barua inakwenda kwa mjomba, mjomba anaita wazee, binti anaulizwa, jibu linatoka. Mama Mateo akanipa karatasi ya kufungia biskuti na kalamu, akataka jina lako na sanduku la posta la parokia. Nikaandika. Nilifanya vizuri au nilifanya vibaya, sijui. Ile kalamu niliishika kabla akili haijafika.

Kabla ya saa za chakula cha mchana Neema alikuwa ameshajua, maana yule mama hakungoja, alimpigia mwanawe palepale. Kesho yake Neema alinisindikiza uwanja wa ndege, akanibebea begi, akasema "Bye, Mum," akageuka. Leo ni siku ya tisa. Nikimpigia hapokei. Nikimwandikia ujumbe anajibu kwamba ni mzima, basi.

Kazini nimewasimulia wenzangu wawili wakati wa chai. Mama Beya, Mkongomani, alinicheka. "Mama Neema, mutoto ni mukubwa! Ile ilikuwa kado ya Noeli, zawadi tu, unabeba, unasema merci, inaisha!" Halima wa Small Heath, Msomali aliyekulia Nairobi, akamkatiza: "Hapana, alifanya poa. Huwezi kubeba tu kitu ya watu bila kujua inamaanisha nini." Nikamsikiliza huyu nikaona ana haki, nikamsikiliza na yule nikaona ana haki. Nikarudi kubadilisha mashuka.

Sasa ninachokuomba. Barua ya Mama Mateo itafika parokiani ikiwa na stempu ya Italia. Usiijibu kwanza, na usiite wazee. Nilipokuwa namweleza yule mama taratibu zetu nilisema sana habari za mjomba na za kitambaa, na lile la binti kuulizwa nililipitia mbio, kama jambo dogo. Na kweli, katika haya yote hakuna aliyemuuliza Neema. Mimi nilikataa bila kumuuliza, kisha nikatoa jina lako bila kumuuliza. Mpigie wewe. Kwangu hapokei, lakini tangu akiwa mdogo simu ya Mjomba hajawahi kuiacha iite bure. Muulize kwanza kama amekula na kama ana koti zito, halafu muulize anataka nini. Akisema anataka barua ijibiwe, ijibu. Akisema hataki, irudishe kwa heshima. Nami nitajifunza kukaa na jibu lolote, ingawa sasa hivi naona nitashindwa yote mawili.

Msalimie Mama, mwambie namwombea. Msalimie wifi Monika mwenye nyumba, ila usimpe barua. Msalimie shangazi yetu Filomena wa kule juu, na mtoto wako wa mwisho, Deo, aliyeanza sekondari, mwambie shangazi yake amefurahi. Katekista wetu mwambie nimesali katika kanisa la Verona kwa ajili ya kwaya, ingawa sikuelewa neno hata moja la misa.

Na jambo moja la mwisho, Kaka, ambalo sikulisema kwa Mama Beya wala kwa Halima. Niliposema pale sokoni kwamba kifurushi kiende kwa kaka yangu, sikuwa nasimamia ukoo. Niliogopa. Nilidhani wamekuja kumchukua, nikapiga hesabu haraka kwamba barua ikienda mpaka Matombo na kurudi, nitakuwa naye miezi miwili zaidi. Mwambie hivyo. Mwambie mama yake hakumkataa, alikuwa anachelewesha tu.

Ni mimi mdogo wako anayekutegemea,

Anjelina, Mama Neema