Jina la Kenneth Lililobaki Nje ya Kisanduku

Mpendwa mshauri, naomba msaada, maana Jumapili iliyopita jina la Kenneth lilipotea mikononi mwangu na sasa naogopa atapotea mwenyewe. Nina duka la taipu hapa Makadara, nililianza kwenye baraza ya Mzee Kiti, aliyeniachia bure miaka miwili hadi nikasimama, Mungu amzidishie, na leo nina kompyuta na laini ya simu, watu huniletea salamu na tanzia nizitie kwenye tovuti wanayoisoma wenzetu walioko ng'ambo. Kisanduku cha tovuti hiyo hakipokei zaidi ya herufi mia nne, na tanzia ya kwetu waijua, mia nne haimalizi hata watoto, ndipo rafiki yangu Joab, naye namshukuru, akanitilia amri fupi ya kompyuta ndani ya alama ya kuhifadhia ukurasa, ile bookmark, naibofya tu na kisanduku kinaacha kuhesabu. Mzee Kiti alipofiwa na mkewe niliandika majina ya watoto wote saba, mkubwa hadi mdogo, nikayaona yote kwenye kioo, nikatuma, kumbe huko tovutini wameikata tanzia palepale penye mia nne, baada ya mtoto wa sita. Wa saba ni Kenneth, yuko Uingereza, alioa bila ridhaa ya ndugu zake. Amempigia simu dadake Mbeyu: "Mmenifuta kwa mama, basi nami siji." Mzee analia, hajui kuwa ni mimi, na jana kanitumia salamu za ahsante. Joab asema, "Nyamaza bwana, lawama ni ya tovuti." Matanga yanaanuliwa Jumamosi. Niseme au ninyamaze? Nijibu waziwazi kabla ya Jumatano saa sita mchana.

Karisa, Makadara

Karisa, pole. Shukrani yako ni ya kweli, lakini shukrani gani hii inayomwacha mzee wa watu alie kwa kosa asilolifanya? Joab alikusaidia, usimgombeze. Ila amri yake ililegeza kisanduku kwenye kompyuta yako tu, kwa wenye tovuti haikufika, nawe ukakiamini kioo chako. Hodari wa taipu kama wewe, kuufungua ukurasa uone kama saba wametimia kulikushinda nini?

Nenda leo kwa Mzee, keti, useme mwenyewe. Kisha mpigieni Kenneth, baba yake akiwa kando yako, umwambie kwa kinywa chako kwamba Mzee alikutajia majina saba na wewe ndiwe uliyefikisha sita. Itume tanzia upya kwa vipande viwili, na safari hii anza na kitindamimba.

Ulinipa hadi Jumatano, nimekujibu Jumanne. Nami nakupa hadi Alhamisi saa sita mchana: Kenneth anakuja, au haji?