Fomu za Magesa

Bunda, Alhamisi

Meneja amenisifu tena. Anasema mpango wangu wa takwimu ndio kitu cha kwanza cha maana chama chetu cha ushirika kimefanya tangu wanunuzi binafsi wa pamba waruhusiwe. Mjinga yule.

Mpango wenyewe ulikuwa rahisi. Kila wiki karani wa kila kituo cha kununulia pamba ajaze fomu: pamba kiasi gani imeingia kwetu, kiasi gani imekwenda kwa watu binafsi. Tukijua tunakoshindwa, tupeleke malori mapema. Makarani niliwafundisha mwenyewe. Niliwaambia, "Andikeni ukweli, hakuna atakayeadhibiwa."

Wengine wote wamenakili takwimu za msimu uliopita, kama wanavyofanyaga. Magesa wa kituo cha Kisorya peke yake ndiye aliyeandika ukweli, kwamba pamba karibu yote inachukuliwa na watu binafsi.

Leo asubuhi meneja alizitandaza fomu mezani. "Kituo kibovu ni kimoja tu. Kisorya kifungwe, karani aende kwao. Takwimu zako zimesema."

Nikamwambia zile nyingine ni za uongo. Akaniuliza, "Kwa hiyo mpango wako ni mbovu?"

Nikasema hapana. Sijui kwa nini nilisema... Najua. Nilitaka cheo.

Barua ya kumwachisha kazi nikapewa niipeleke mimi, eti njia naijua. Magesa aliponiona alitoka mbio, nywele zimejaa nyuzi za pamba.

"Karibu, dada! Mimi najazaga kila Ijumaa, sikosi. Fomu zimeniishia. Umeniletea zingine?"