Kisanduku cha Kusikiliza Tu

Nyumbani, chumba cha nyuma ya duka la dawa
Jumanne asubuhi

Mpendwa mwanangu,

Hujambo huko uliko? Kifua kimepona? Mkeo na mapacha je? Mimi mzima, ila goti hili, loo, linajua kunitesa. Anayeandika ni mkamwana wangu wa hapa nyumbani. Nimemwambia asininyooshee maneno.

Dada yako wa dukani kaleta fundi wa mitandao. Viatu vinang'aa! Mtu wa kutambaa chini ya meza na nyaya, viatu safi vya nini? Ana kisanduku cha kulinda kompyuta na wezi. Eti kina namna tatu. Kikae pembeni, kisikilize tu nakala ya yanayopita. Au waya ukatwe, kikae katikati, kikague na kuzuia, mashine zenyewe zisijue. Au kiwe ndiyo njia kuu, mashine zote zibadilishwe anwani zake za mtandao, duka lifungwe kutwa nzima.

Hiyo ya tatu niliishtukia hapo hapo. Akishabadilisha anwani, nani atazijua? Si yeye! Na hiyo ya katikati, mtu ndiyo kwanza kaingia, unampa funguo? Nikasema kisikilize tu. Duka nililianzisha mimi; dada yako akanuna, akakubali.

Kikasikiliza kweli. Jana fundi anatuonyesha majina ya wateja na dawa zao yanavyotoka nje kila jioni.

"Sasa mbona hakikuzuia?"

"Bibi, ulitaka kisikilize. Kimesikiliza."

Nilitamani kumrushia kimoja cha viatu vyake. Wateja wetu unawajua, wengine wanakunywa dawa ambazo hata waume zao hawazijui. Hayo yakisambaa, hatuna duka.

Nikamshuku fundi mwenyewe. Lakini yanatokea mashine moja tu, na kinachoyatoa kilikuwemo tangu ilipowashwa mara ya kwanza. Ni ile uliyotutumia wewe.

Dada yako anasema labda uliuziwa imeshachezewa. Labda. Ila nakumbuka ulivyosisitiza ikae kaunta, isikae kwangu. Kwa nini, mwanangu?

Kesho kisanduku kinawekwa katikati, anwani haziguswi. Barua hii itakufikia kimeshayazuia majina hayo yasitoke. Kama ni wewe, umeshajua kabla hujaifungua. Kama si wewe, nipigie unitukane. Nitafurahi.

Msalimie mkeo, mapacha, na shemeji Mrefu. Mungu akuweke kwenye heri, na moyo wangu autulize.

Wako akupendaye hata leo,
Mama Mkubwa