Majani niliyomsifia Waya

Rangwe, Jumanne

Leo tulikuwa hospitalini. Daktari alimuuliza Waya, shangazi yangu, mbele yangu, kwa nini kidonda cha mguu kimeoza ilhali dawa alipewa. Akajibu, "Nilisahau kumeza." Waya hasahau kitu.

Ni mimi. Mwezi uliopita nilimwonyesha kwenye simu picha ya sahani yangu ya maabara: bakteria wamejaa kote, ila pale nilipoweka dawa ya majani ya shambani kwake hawakuota. Nikajidai. Nikamweleza kwamba majani yana kemikali ziitwazo flavonoidi, zinapenya utando wa seli ya bakteria, utando unavuja, bakteria anakufa. Yote kweli. Kwenye sahani.

Sikumwambia kwamba niliyaloweka kwa spiriti, nikaikausha ile spiriti mpaka ukabaki uji mzito. Yeye aliyachemsha kwa maji kwenye sufuria ya chai, akaoshea kidonda, vidonge vya hospitali akaviweka kabatini. Na kama zinatoboa utando wa bakteria, je, nyama yake yeye? Hilo sijawahi kupima.

Daktari alipotoka nikamwambia, "Waya, wacha nimfuate nimwambie ukweli."

Akanishika mkono. "Nyathina, mwanangu, watakucheka. Na bado hujamaliza shule."

Nikakaa. Nilifurahi kukatazwa, hiyo ndiyo inaniuma.

Kesho wataangalia kama vidole vya mguu vitakatwa. Nilipokuwa naaga aliniita nirudi, akaninong'oneza, kwa aibu, kama yeye ndiye aliyekosea:

"Safari hii niyachemshe kwa muda gani?"